Watu wa Nyika katika Mchezo wa Kompyuta: Wakumani na Wambunga

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa zake uhakiki wa diwani, wa tenzi na wa riwaya, na huenda wapo watakaoshangaa kuona mchezo wa kompyuta ukiwekwa katika mizani ile ile. Lakini mchezo nao ni kazi iliyotungwa. Una watunzi, una mpangilio, una mambo uliyoyateua na mengine uliyoyaacha, na kwa baadhi ya vijana wetu ndio mlango wa kwanza wa kuingilia katika historia ya mataifa ya mbali. Kazi yenye nguvu kiasi hicho haistahili kuachiwa watoto na wauza mashine peke yao.

Mchezo ninaokusudia kuuzungumzia ni Age of Empires II, uliotolewa mwaka 1999 na kampuni ya Kimarekani ya Ensemble Studios. Mchezaji huchagua taifa moja la enzi za kati, akaanza na wanakijiji wachache na kituo cha mji, akakata miti, akalima, akachimba dhahabu, kisha akaunda jeshi la kuwaangamiza jirani zake. Mwaka 2019 ulitolewa upya kwa sura mpya, na mataifa manne yakaongezwa, mojawapo likiwa Wakumani: watu wa lugha ya Kituruki walioitawala nyika ya kaskazini mwa Bahari Nyeusi kuanzia karne ya 11 hadi walipovunjwa na Wamongoli katika karne ya 13. Nyika hiyo ni bahari ya majani isiyo na mti, ambako farasi na kondoo ndio mali na hema ndiyo nyumba.

Je, mchezo huu unafikiri utamaduni ni kitu gani? Jibu lake halimo katika maelezo yaliyoandikwa, bali limo katika kanuni. Kila taifa limepewa orodha ya sifa zake, na Wakumani wamepewa zao: farasi wao huongezeka mwendo kadiri zama zinavyosonga, huweza kujenga mapema, kabla ya wengine, karakana ya magogo ya kubomolea malango, hawajengi kuta za mawe, na askari wao wa pekee ni mpiga upinde wa juu ya farasi afyatuaye mishale kadhaa kwa mkupuo, ambaye jina lake ni Kipchak. Sifa hizi si za uongo mtupu. Yeyote aliyesoma habari za Warusi na Wahungaria wa zama zile atawatambua wapanda farasi hao wepesi, wanaokuja kama upepo na kupotea kabla ya vumbi kutua.

Pamoja na hayo pana sifa moja inayochekesha. Taifa hili la wahamaji ndilo lililoruhusiwa kujenga kituo cha pili cha mji mapema kuliko wengine wote. Watunzi walitaka kuonyesha kuwa Wakumani wana kambi nyingi, lakini mashine yao haikuwa na chombo cha kuonyeshea kambi. Ilijua mji tu, na mji ule ukishajengwa hauondoki mahali pake. Hivyo mhamaji amekuwa mwenye miji mingi. Wala sidhani kuwa jambo lilikuwa haliwezekani, kwani katika toleo la nne la mfululizo huo huo, lililotoka mwaka 2021, Wamongoli huyafungasha majengo yao na kuhama nayo.

Hilo ni kosa dogo, na wachezaji wenyewe hulisamehe. Kosa kubwa limejificha katika majina. Walatini na Wagiriki waliwaita watu hawa Wakumani. Warusi waliwaita Polovtsy. Waandishi wa Kiislamu waliwaita Kipchak. Watunzi wa mchezo wamelichukua jina la kwanza wakalifanya la taifa, na la tatu wakalifanya la askari, kana kwamba Kipchak ni kazi, kama useremala. Na zaidi ya hapo, tangu mwaka 1999 mchezo umekuwa na askari mwingine, wa taifa la Wasaraseni, yaani Waislamu wa Sham na Misri. Huyo anaitwa Mamluki, naye hupanda ngamia na kuvurumisha majambia. Kipchak na Mamluki wanapokutana katika uwanja wa mchezo hawajuani. Mmoja ni wa nyika, mwingine ni wa jangwa. Mmoja ana farasi, mwingine ana ngamia. Na kanuni zinasema kuwa ngamia humshinda farasi.

Lakini katika historia hao ni mtu mmoja. Vijana wa Kikipchak walitekwa au kuuzwa na jamaa zao wakati wa dhiki, wakapelekwa masokoni, wakanunuliwa na masultani wa Misri, wakasilimishwa, wakafundishwa Kiarabu na vita vya juu ya farasi (si vya juu ya ngamia), wakaitwa mamaluki. Baybars, aliyetawala Misri na Sham tangu 1260 hadi 1277 na ambaye visa vyake vilisimuliwa katika migahawa ya Cairo na Damascus kwa karne nyingi, alizaliwa katika nyika ya Kipchak na akauzwa utumwani. Jeshi lililowazuia Wamongoli huko Ain Jalut, Palestina, mwaka 1260, kwa sehemu kubwa lilikuwa la wana wa nyika ile ile ambayo Wamongoli walikuwa wameiteketeza miaka ishirini iliyotangulia. Ni kisasi cha ajabu kilichopita katika soko la watumwa. Mchezo una Kipchak na una Mamluki, lakini hauna njia inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na njia hiyo ndiyo historia yenyewe.

Mtetezi wa mchezo atanikumbusha habari ya mtawa. Ni kweli: katika mchezo huu mtawa akimsomea dua askari wa adui kwa muda, askari yule hugeuka, na rangi ya nguo zake huwa rangi ya bwana mpya. Wachezaji hulipenda sana jambo hilo. Lakini tazama kinachogeuka. Ni rangi tu. Kipchak aliyesilimishwa na mtawa wa bluu ni Kipchak wa bluu, mwenye mishale ile ile na mwendo ule ule. Hajifunzi lugha, haoi, hazai mtoto atakayekuwa mtu mwingine.

Mchezo umetunga pia hadithi ya Kotyan, khani wa Wakumani aliyeshindwa na Wamongoli pamoja na Warusi katika mto Kalka mwaka 1223, kisha akakimbilia Hungaria na watu wake kwa Mfalme Béla wa Nne, na huko akauawa mwaka 1241 na watu waliomshuku kuwa mpelelezi wa Wamongoli. Hadithi imesimuliwa kwa huruma, nami naihesabu miongoni mwa zilizo bora katika toleo lile. Sehemu yake ya mwisho ni ya kisasi, na inaishia pale panapoishia vumbi. Mambo yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi. Baada ya Wamongoli kuondoka, Béla aliwaita Wakumani warudi, akawapa ardhi katika tambarare ya Hungaria, na mwanawe akaoa binti wa Kikumani. Mjukuu wake, Ladislaus wa Nne, akaitwa Mkumani kwa kuwa alipenda kuishi nao na kuvaa kama wao. Mwaka 1279 alishurutishwa na mjumbe wa Papa kutoa sheria za kuwataka Wakumani waache hema na kukaa majumbani, na mwaka 1290 akauawa na Wakumani wale wale aliowapenda. Polepole wakawa wakulima na Wakristo. Eneo lao, Kunság, lilibaki na haki zake za pekee hadi mwaka 1876. Mtu anayetajwa kuwa wa mwisho kuijua lugha yao, István Varró wa mji wa Karcag, alifariki mwaka 1770.

Tena watu hawa walikuwa na fasihi. Maktaba ya Marciana mjini Venice ina hati ya mwanzo wa karne ya 14 iitwayo Codex Cumanicus, iliyokusanywa na wafanyabiashara na watawa wa Kilatini, yenye msamiati wa Kilatini, Kiajemi na Kikumani, sala zilizotafsiriwa, na, jambo litakalowafurahisha wasomaji wa hapa, vitendawili. Ni miongoni mwa vitendawili vya kale kabisa vilivyoandikwa katika lugha yoyote ya Kituruki. Watu walioketi hemani jioni na kutegana vitendawili hawakupata nafasi hata ya pembeni katika mchezo. Nafahamu kuwa kitendawili hakibomoi ngome.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza nyika hiyo inatuhusu nini. Ibn Battuta alikuwa Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye alikuwa akikatiza jangwa la Kipchak, kama alivyoliita, akistaajabia hema zilizowekwa juu ya magari ya kukokotwa na heshima waliyopewa wanawake wa Kituruki. Kwa msafiri yule Kilwa na nyika vilikuwa ndani ya dunia moja. Watunzi wa mchezo hawakuliona hilo. Walipotoa mwaka 2015 toleo waliloliita la falme za Kiafrika, walileta Wamali, Waethiopia, Waberberi, na pamoja nao Wareno! Mswahili hakuwamo, aliyekuwamo, tena na hadithi yake mwenyewe, ni Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Neno nyika ni letu. Watu wa pwani waliwaita jirani zao wa nyuma ya Mombasa "Wanyika", nao wakalikataa jina hilo na kujiita Wamijikenda. Sisi wa visiwani tumerithi tabia ya kudhani kuwa mtu wa bara ana sifa moja isiyobadilika, na kwamba historia, maana yake mabadiliko, hutokea ufukweni tu. Ndiyo maana nataka kuupima mchezo huu mbali na bahari, katika Bonde la Kilombero, ambako mji wake mkuu ni Ifakara.

Bonde hilo limelala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kulifanya bonde kuwa ziwa la muda. Maji yakipungua huacha udongo wa mpunga, samaki katika madimbwi, na malisho ya sheshe, swala wa majimaji. Mwaka 2002 liliandikishwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Wandamba, wavuvi na watu wa mitumbwi, ndio wanaotajwa kuwa wakazi wa zamani wa maji hayo. Wapogoro wako upande wa Mahenge. Na Ifakara kwenyewe na viunga vyake wako Wambunga.

Wambunga ni akina nani? Ingekuwa ni mchezo, jibu lingekuwa jepesi: askari wa miguu wenye kasi, ngao ndefu ya ngozi, mkuki mfupi wa kuchomea, nyongeza ya nguvu wanaposhambulia vijiji. Jibu la historia ni refu. Kabila hili lilitokana kwa sehemu kubwa na Wandendeule wa upande wa Songea, wakulima waliotiishwa na Wangoni waliokuja kutoka kusini mwa Zambezi. Vijana wao waliingizwa katika vikosi vya Kingoni wakajifunza vita vya Kingoni. Wangoni walipopigana wenyewe kwa wenyewe, kundi hili likakimbilia kaskazini, na katika miaka ya 1860 likalivamia Bonde la Kilombero na kuwatawala waliowakuta. Kwa hiyo waliofika Ifakara wakiwa na sura ya Wangoni hawakuwa Wangoni kwa nasaba, nao hao Wangoni wengi wao hawakuwa na asili ya kusini ya mbali, bali walikuwa watu waliomezwa njiani. Ni Mamluki wa Kiafrika ya Mashariki, kama msomaji ataniruhusu ulinganisho huo: aliyetekwa akajifunza silaha za mtekaji, akaondoka nazo, akawa bwana mahali pengine.

Kisha bonde likawafanyia Wambunga kile ambacho tambarare ya Hungaria iliwafanyia Wakumani. Mafuriko hayajali ngao. Walilima mpunga, wakaoa, wakavua. Lugha yao ni ushahidi wa kutosha. Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu alikiweka Kimbunga katika kundi la P, pamoja na lugha za kusini mashariki, na Kipogoro na Kindamba akaviweka katika kundi la G. Wanaisimu waliokuja baadaye wanakiweka Kimbunga pamoja na Kipogoro na Kindamba, katika kundi la Kilombero. Sidai kuwa Guthrie alikuwa akifuata asili ya watu badala ya maneno yao. Ninachosema ni kwamba lugha hii imesimama mahali ambapo ramani mbili zinaweza kuidai.

Wala hawakuwa peke yao. Wabena wa Mtoni nao waliteremka kutoka nyanda za juu katika karne ya 19, na habari zao zimo katika kitabu *Ubena of the Rivers* cha mwaka 1935, alichokiandika A. T. Culwick pamoja na G. M. Culwick, na ambacho sura yake moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Ni jambo la kutajwa kwa heshima kuwa mtawala wa bonde alishika kalamu katika kitabu kilichomhusu. Khani Kotyan hakuipata bahati hiyo. Vita vya Maji Maji vilipofika, Wambunga na Wapogoro waliishambulia pamoja boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, ilhali Kiwanga wa Wabena alisimama upande wa Wajerumani. Wavamizi wa miaka arobaini nyuma walikuwa sasa bega kwa bega na majirani zao mbele ya bunduki za mzinga. Kanuni gani ya mchezo ingeweza kutabiri hilo?

Sisemi kuwa mchezo, kwa kuwa ni mchezo, hauwezi kuyabeba mambo haya. Tunao ushahidi barazani. Bao la Kiswahili lina kete 64, na hakuna hata moja yenye rangi. Ukila kete za mwenzako huzitoi nje kama katika sataranji. Unazipanda katika mashimo yako, kuanzia kichwani, na tangu hapo ni zako, na pengine mizunguko miwili baadaye zitaliwa na kurudi zilikotoka. Mchezo ukimalizika kete zote 64 bado zimo ubaoni. Aliyebuni kanuni hizi aliielewa dunia ya Baybars na ya Wambunga vizuri zaidi kuliko waliobuni mtawa wa kubadilisha rangi. Kwa hiyo udhaifu wa Age of Empires II hautokani na uhaba wa ufundi. Unatokana na imani, kwamba watu ni vile walivyokuwa siku walipoonekana kwa mara ya kwanza na mtu mwenye kalamu.

Na imani hiyo haikai ndani ya kompyuta tu. Tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita wameingia bondeni Wasukuma na ng'ombe wao, na Wabarabaig, ambao wengi huwaita Wamang'ati, jina lenye asili ya neno la Kimaasai la kumaanisha adui. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, baadhi yao waliishia Kilombero. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuiondoa mifugo katika bonde hilo. Hoja ya kulinda ardhi oevu ni hoja ya kweli; makundi ya ng'ombe yalikuwa makubwa, sheshe walikuwa wakipungua, na mashamba ya mpunga yalikuwa yakiliwa, hata damu ikamwagika baina ya wakulima na wafugaji. Mwenye shamba lililokanyagwa usiku ana haki ya kusikilizwa kabla ya mwandishi wa makala.

Lakini sikiliza lugha iliyotumika magazetini na mikutanoni. Mfugaji alikuwa "mvamizi", "wa kuhamahama", mtu ambaye kuhama kumo katika damu yake, asiyejua kujenga wala kulima. Ni orodha ile ile ya sifa za Wakumani: mwendo wa kasi, uharibifu, hakuna kuta za mawe. Ilhali Msukuma wa Kilombero ni mkulima na mfugaji kwa pamoja. Amekuja na ng'ombe na amekuja na plau. Na waliomwita mgeni, baadhi yao ni wajukuu wa watu waliofika bondeni na ngao za ngozi ya ng'ombe katika miaka ya 1860. Mipaka ya nani mwenyeji ilichorwa kwa tarehe, na tarehe ilichaguliwa na aliyetangulia kufika mezani.

Mchele wa Kilombero una sifa katika masoko ya Dar es Salaam. Unapoununua hakuna alama ya kukuonyesha ni upi uliolimwa kwa jembe la mkono la Mndamba, ni upi wa Mmbunga, na ni upi uliotoka katika shamba lililolimwa kwa ng'ombe wa Kisukuma.